Wenye Kadi na Wenye Kura

Neno la uchaguzi si geni tena katika vijiji vyetu. Mtoto wa shule hujua rangi za vyama kabla hajaweza kutaja milima ya wilaya yake. Walakini liko jambo moja ambalo watu wazima hulisahau kila majira ya kampeni, nalo ni hili: wanaojaza uwanja siku ya mkutano na wanaojaza sanduku siku ya kura si lazima wawe watu wale wale. Kila chama kina watu wake, walionunua kadi, wanaojua nyimbo zake, ambao hata mvua ikinyesha hawaondoki uwanjani. Nje ya hao wako wengine wengi wasio na kadi ya chama cho chote. Hao husimama kando chini ya mti, husikiliza, hawapigi makofi wala hawazomei. Nao mara nyingi ndio waamuao. Aombaye kura akisema na wale wa kwanza tu, hawa wa pili humwona kuwa mtu wa ugomvi. Akiwabembeleza wa pili tu, wale wa kwanza hununa, husema, Ametuuza. Jambo hili lina historia yake katika nchi yetu, na sehemu ya historia hiyo imepita katika vumbi la Same.

Yafaa nianze kabla ya vyama kuwako. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Upare ulikuwa na watawala tisa, wengine wa kaskazini kama wale wa Ugweno na Usangi, wengine wa kusini kama wale wa Mbaga na Mamba, na wote walikuwa chini ya Bwana Shauri aliyekaa Same, katika nchi kavu chini ya milima, penye reli iendayo Moshi. Serikali ikashauriana na watawala hao kuweka kodi mpya, ambayo kila mtu angetozwa kwa kadiri ya mali yake. Ikaitwa mbiru, jina la zamani la kodi ambayo Wapare walimpelekea mtawala wao. Nadhani waliolichagua jina hilo walifikiri litawapendeza watu kwa kuwa ni la kwao. Ikawa kinyume. Mbiru ya wazee haikuwa na makarani wa kuhesabu ng'ombe na miti ya kahawa, na kuandika katika daftari kwamba huyu ana kitu na yule hana. Watu wakanung'unika ya kuwa wakadiriaji hawaoni kwa macho sawa, na kwamba siri za nyumba ya mtu zimefanywa kuwa habari za barazani.

Januari 1945 maelfu ya watu wakashuka Same. Msomaji aijuaye nchi hiyo na aifikiri safari yenyewe. Mtu wa Ugweno hushuka mlima wake, huvuka nchi tambarare yenye miiba na jua kali, hufika mahali ambapo maji ni haba na jamaa hana. Hawakuja na mikuki. Walisema wako tayari kulipa kodi ya kiasi kimoja kwa wote, lakini mbiru hawaitaki. Wakakaa, wengine wakirudi mashambani na wengine wakishika zamu yao, na shauri likaendelea miezi mingi. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo wa Upare Kusini, aliyewahi kuwa mwalimu. Hata wanawake wakaingia katika shauri. Wakamwendea mkubwa wa serikali wakamwambia, kwa maneno makali ambayo sitayaandika yote hapa, kwamba kama hataki kulimaliza jambo hili ili waume zao warudi nyumbani, basi yeye mwenyewe na aichukue kazi ya waume katika nyumba zao. Mkubwa huyo alikuwa amesoma mengi kwao Uingereza, lakini nadhani jibu la neno hilo hakufundishwa.

Mwenye kufikiri atasema kwamba kodi ya kadiri ya mali ni ya haki kuliko kodi ya kiasi kimoja, kwa sababu tajiri hutoa zaidi na maskini hupunguziwa. Kwa hesabu ni kweli. Lakini Wapare hawakuwa wakibishana juu ya hesabu. Waliona kwamba jambo kubwa limeamuliwa juu yao na watu wachache barazani, nao hawakuulizwa. Hata 1947 mbiru ikawa imekwisha, ikarudi kodi ya kiasi kimoja, na katika miaka hiyo hiyo, 1946, Umoja wa Wapare ukaanzishwa.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu moja. Wale waliokaa Same hawakuwa chama. Hawakuwa na kadi, wala ofisi, wala bendera. Walikuwamo Walutheri, Wasabato, Waislamu na watu wa mila. Walikuwamo wa kaskazini na wa kusini, ambao mlango wa tambarare umewatenga na ambao kila kundi lilikuwa na mtawala wake. Walikuwamo wakali na wapole. Kilichowashika pamoja ni neno moja fupi ambalo kila mmoja aliweza kulisema bila kumwacha jirani yake. Mtu aliyejifunza siasa mahali pale alijifunza kwamba umati haukai pamoja kwa sababu ya mapenzi kwa kiongozi, bali kwa sababu neno lake limewaenea wote. Somo hilo lilihitajiwa sana miaka kumi na mitatu baadaye.

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na rais wake alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu. Mwaka 1955 ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha ualimu. Neno hili si dogo kwa wasomaji walio walimu. Tangu 1953 serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake Waafrika kuingia katika vyama vya siasa. Karani, mganga wa hospitali ya serikali, mwalimu wa shule ya serikali, wote walitakiwa wakae mbali. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Chama kikajaa wakulima, wafanya biashara ndogo, madereva, wanawake wa mijini, na vijana wasio na kazi ya mshahara. Na wale waliosoma zaidi wakakitazama kwa mbali, wengine kwa mapenzi ya siri, wengine kwa mashaka ya kweli.

Kisha serikali ikaleta uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima, wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, nao ukaja na masharti mawili mazito. Sharti la kwanza lilikuwa la mpiga kura mwenyewe: hakuandikishwa ila mwenye kipato cha kiasi fulani, au elimu ya kiasi fulani, au cheo kilichotajwa katika sheria. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 kwa hesabu ya 1957. Walioandikishwa hawakufika 100,000. Wahindi na Wazungu, ambao kwa hesabu ya watu walikuwa wachache sana, katika daftari la kura walikuwa sehemu kubwa. Sharti la pili lilikuwa la kura yenyewe. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu, na kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila taifa. Asiyetimiza watatu, kura yake iliharibika. Ndiyo iliyoitwa kura tatu.

Tazama basi jinsi fumbo lilivyokuwa. Chama kilikuwa na wanachama wengi, lakini walio wengi katika hao hawakuwa na kura, kwa kuwa hawakuwa na kipato wala vyeti. Wenye kura walikuwako, lakini wengi wao hawakuwa na kadi: Mwafrika mtumishi wa serikali alikatazwa kuwa nayo, na Mhindi na Mzungu hawakupokewa chamani wakati huo, kwa maana TANU ilikuwa chama cha Waafrika peke yao hata 1963. Mwenye kadi hakuwa na kura, na mwenye kura hakuwa na kadi. Tena, hata yule mwanachama aliyebahatika kuandikishwa aliamriwa na sheria ampigie kura Mzungu na Mhindi, jambo ambalo mioyoni mwa wengi lilikuwa kama tusi.

Watu wa chama walikasirika, wala siwalaumu. Walikuwa wamechangia shilingi zao, wamefukuzwa makazini, wamezuiliwa mikutano. Sasa waambiwa washiriki katika uchaguzi uliotengenezwa ili Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja wawe uzito mmoja katika mizani, ingawa Waafrika walikuwa karibu nchi nzima. Upande wa pili kilikuwako chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana Twining, chenye kuhubiri kwamba mataifa matatu yawe na viti sawa. Nyerere mwenyewe alikuwa ametoka katika Baraza mwezi wa Desemba 1957, akisema kwamba serikali haikubali hata dogo. Kwa hiyo wengi walitazamia kwamba mkutano mkuu uliofuata ungekata neno la kususia.

Mkutano huo ulikutana Tabora Januari 1958. Wajumbe wengi walikwenda huko wakiwa na nia ya kukataa kura tatu, na Nyerere akasimama kuwashauri wazikubali. Hoja yake tukiipima leo ilikuwa ya namna hii. Tukisusa, viti havitabaki vitupu. Watu wa UTP watavijaza, na serikali itauambia ulimwengu kwamba hao ndio sauti ya Tanganyika. Tukiingia, twaweza kuchagua si Waafrika wetu tu, bali hata Wahindi na Wazungu ambao wakiingia Barazani watasema neno letu. Yaani silaha iliyotengenezwa kutuzuia yaweza kushikwa kwa mpini na sisi. Baada ya mabishano marefu mkutano ukakubali.

Si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake, African National Congress, akidai kwamba TANU imelegea na kwamba Tanganyika ni ya Waafrika. Katika vitabu vingi Mtemvu hutajwa kwa mstari mmoja tu kama mtu aliyeshindwa. Mimi naona twapaswa kumtazama vizuri zaidi, kwa kuwa aliyoyasema yalikuwa mioyoni mwa wengi waliobaki TANU. Hatari aliyoileta haikuwa kwamba angeshinda. Hatari ilikuwa kwamba viongozi wa TANU, wakiogopa kuachwa na wakali wao, wangeanza kusema kama yeye katika mikutano. Na neno lililosemwa Mnazi Mmoja jioni lilifika asubuhi kwa mwenye duka Mhindi na kwa karani wa bomani, ambao ndio wenye kura. Kwa hiyo kila hotuba ilibidi ipimwe kwa masikio mawili.

Liko jambo jingine la mwaka huo lionyeshalo kupima huko. Katikati ya 1958 Nyerere alishtakiwa kwa sababu ya maneno yaliyochapwa katika gazeti la chama juu ya wakubwa wawili wa wilaya. Akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda gerezani miezi sita. Wapenzi wa chama wengi wangefurahi, kwa namna yao, kumwona akienda gerezani. Viongozi wa nchi nyingine walikwenda, wakatoka wakiwa mashujaa. Yeye akalipa. Kwa maoni yangu alifanya vema. Uchaguzi ulikuwa mwezi uliofuata, na wapiga kura wale wachache wenye hofu hawakuhitaji shujaa aliye kifungoni. Walihitaji mtu wa kuzungumza naye sebuleni, awaambie kwamba serikali ya watu weusi haitawanyang'anya mali wala kuwafukuza.

Kampeni yenyewe basi ilikwenda kwa njia mbili. Kwa wanachama kulikuwa na mikutano ya wazi, ngoma na nyimbo, na kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenye sifa za kuandikishwa, na kuwafundisha namna ya kutia alama tatu. Mwanamke asiye na kura aliweza kumwamsha mwalimu mwenye kura na kumsindikiza hata mlangoni. Nadhani hii ndiyo ilikuwa hekima kubwa kuliko zote: wale ambao sheria iliwanyima kura walipewa kazi, wasijione kwamba chama kimewaacha. Kwa wasio wanachama kulikuwa na mazungumzo ya taratibu, na zaidi ya maneno kulikuwa na watu wenyewe walioungwa mkono. Katika Jimbo la Kaskazini, jirani zetu waliwachagua Solomon Eliufoo, mwalimu wa Machame. Derek Bryceson, mkulima Mwingereza aliyekuwa rubani katika vita. Na Bi Sophia Mustafa wa Arusha, mwanamke wa asili ya Bara Hindi. Jambo la mwanamke kuingia Barazani kwa kura za watu wa mataifa yote lilikuwa jipya kabisa, naye akaandika habari za siku zile katika kitabu chake kilichotoka 1961.

Upare wakati huo ulihesabiwa katika Jimbo la Tanga, ukapiga kura pamoja na Tanga katika sehemu ya kwanza ya uchaguzi, Septemba 1958. Sehemu ya pili ikawa Februari 1959. Mahali penye shule nyingi za misheni kama Upare palikuwa na walimu na makarani wenye sifa, hata kuliko sehemu nyingine zilizo na watu wengi zaidi. Walutheri wa Leipzig na Wasabato walikuwa wamejenga shule milimani tangu mwanzo wa karne, na watoto wa shule zile ndio waliokuwa sasa katika daftari. Wengi wao walikuwa wana wa watu waliokaa Same 1945. Hawakuwa na kadi, lakini hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuulizwa.

Matokeo wasomaji wanayajua. Viti karibu vyote vilichukuliwa na watu walioungwa mkono na TANU, wa mataifa yote matatu. UTP ikafifia hata ikavunjika. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyefika 1958, akaona upande ambao upepo wavuma, na safari ya uhuru ikaenda kwa haraka kuliko walivyotazamia hata waliokuwa wakiiomba.

Lakini kushinda kuna mtego wake. Agosti 1960 uchaguzi mwingine ukafanywa, na sharti la kura likiwa limepunguzwa, karibu watu 900,000 wakaandikishwa. TANU ilikuwa na nguvu hata katika viti 71, viti 58 havikupata mpinzani. Ilishinda vyote ila kimoja, nacho ni cha Mbulu. Huko chama kilimteua mtu wake. Mwanachama mwingine wa TANU, Herman Sarwatt, akaona kwamba wananchi wamtaka yeye, akasimama peke yake bila chama, akashinda. Chama kilifikiri kwamba kwa kuwa watu ni wa TANU, basi watampigia ye yote aliyepewa jina la TANU. Watu wa Mbulu wakajibu kwamba chama wanakipenda na mtu huyo hawamtaki. Naona kwamba kura ile ya Mbulu, ijapokuwa ni moja katika 71, ilisema zaidi kuliko viti 58 vilivyopita kimya, maana mahali pasipo na mpinzani mwenye kunyamaza hana njia ya kusema.

Mwaka 1962, tarehe 1 Novemba, watu wakamchagua rais wa Jamhuri. Mtemvu akasimama dhidi ya Nyerere, akapata kura 21,276, naye Nyerere akapata zaidi ya 1,100,000. Kwa hesabu hizo chama cha pili kilikuwa jina tu, na wakubwa wakaanza kufikiri namna ya kuwapa watu uchaguzi wa kweli ndani ya chama kimoja.

Ndipo ukaja uchaguzi wa Septemba 1965, chini ya katiba mpya ya mwaka huo. Utaratibu wake wastahili kuelezwa, kwa kuwa ulikuwa jaribio la kuwapatanisha kwa sheria wenye kadi na wasio nayo. Waombao ubunge walipaswa wawe wanachama. Majina yao yakapelekwa kwanza katika mkutano wa chama wa wilaya, nao wajumbe wakayapigia kura. Kisha Halmashauri Kuu ya taifa ikachagua wawili katika kila jimbo. Mpaka hapo neno lilikuwa la wenye kadi. Baada ya hapo mlango ukafunguliwa: kila raia mtu mzima aliyeandikishwa aliweza kupiga kura, awe na kadi au asiwe nayo. Wagombea wawili walizunguka pamoja, wakasimama katika jukwaa moja mbele ya watu wale wale, na haikuruhusiwa kusema habari za kabila, wala rangi, wala dini. Kila mmoja alipewa alama, huyu jembe na huyu nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Hata alama zikawa na maneno yake. Mwenye jembe aliwaambia wakulima kwamba pasipo jembe hawali, na mwenye nyumba akajibu kwamba mwenye kulima naye hurudi mahali kulala.

Chama hakikuruhusiwa kusema kwamba kinampenda nani katika wale wawili. Kwa hiyo mgombea hakuweza kujificha nyuma ya jina la chama, kwa sababu mwenziwe alikuwa nalo vile vile. Alilazimika kueleza barabara, maji, bei ya kahawa, na kama alipokuwa mbunge alirudi nyumbani au alikaa Dar es Salaam. Wabunge wengi waliokuwa viti vyao wakaanguka, na hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba Usukuma na kusifiwa kote, akashindwa Mwanza. Rais akamrudisha kwa kumteua, maana aliihitaji kazi yake. Jambo ambalo wengine walilipenda na wengine waliuliza kura yao ilikuwa ya nini. Mwaka ule ule Bryceson, Mzungu yule wa kura tatu, alishinda Dar es Salaam juu ya Mwafrika kwa kura nyingi, bila kiti kilichotengwa kwa rangi yake.

Sitasifu utaratibu huo kupita kiasi. Mwananchi aliyependa watu wawili alikuwa na uchaguzi; aliyechukia siasa ya chama chenyewe hakuwa na mahali pa kuitia kura yake. Sarwatt wa pili hakuweza kutokea. Naye msimamizi wa tano katika orodha ya wilaya, hata kama vijiji vyote vilimtaka, hakufika jukwaani.

Miaka ikapita. Wilaya ya Pare, iliyotolewa katika mkoa wa Tanga na kutiwa katika Kilimanjaro, ikagawanywa kuwa Same na Mwanga. Mwaka 1991 tume ya Jaji Mkuu Nyalali ikawauliza watu kama wataka chama kimoja au vingi, na kama watu 80 katika 100 walisema kimoja chatosha. Tume ikashauri vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa. Wako wanaosema kwamba ule ulikuwa udanganyifu wa hesabu. Mimi siamini hivyo; wale 20 walikuwa wakisimama chini ya mti muda mrefu, na taifa lenye akili huwauliza kabla hawajachoka kusimama.

Walakini mgombea asiye na chama hakufunguliwa mlango. Mchungaji Christopher Mtikila akalipeleka shauri hilo mahakamani, na 1994 Jaji Lugakingira akaamua kule Dodoma kwamba raia aweza kusimama bila chama. Bunge likaibadili katiba ili kuzuia. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006, akashindwa katika Mahakama ya Rufani 2010, akaenda katika Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, ikampa haki 2013. Alikufa Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, naye hakuwahi kuona jina la mtu asiye na chama katika karatasi ya kura.

Uchaguzi huo wa 2015 uliwashangaza wengi katika milima yetu. Jimbo la Same Mashariki, lenye Gonja na Mamba na mashamba ya tangawizi, lilikuwa tangu 2005 na mbunge wa CCM, Bi Anne Kilango Malecela, mwanamke ambaye sauti yake ilisikika Bungeni hata juu ya makosa ya serikali ya chama chake. Ikiwa kuna mtu wa chama ambaye wasio na chama wangeweza kumpenda, ni yeye. Akashindwa na Bi Naghenjwa Kaboyoka wa Chadema. Mkutano wa CCM haukuwa umepungua watu, wala nyimbo hazikuwa zimesahauliwa. Waliobadili mambo ni wale ambao hawakuimba. Bi Kilango akateuliwa kuwa mkuu wa mkoa wa Shinyanga, kisha akarudi Bungeni kwa kuteuliwa na Rais.

Mwaka 2020 akakitwaa tena kiti cha Same Mashariki, katika uchaguzi ambao vyama vya upinzani viliyakataa matokeo yake kwa nchi nzima. Bi Kaboyoka naye akaapishwa Novemba ya mwaka huo kuwa mbunge wa viti maalumu, pamoja na wanawake wengine 18 wa Chadema. Chama chao kikasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama. Wao wakaenda mahakamani, nao wakaendelea kukaa Bungeni, wabunge waliofukuzwa na chama ambacho pasipo jina lake, kwa sheria ya nchi, hakuna awezaye kuingia.